Jinsi ya Kutayarisha Taka za Soko Ziwe Malighafi ya Methanoli

Katika Soko la Mabibo jijini Dar es Salaam, ambalo wengi hulijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi, vikonyo vya mikungu na ndizi zilizooza hurundikwa kila siku zikisubiri kupelekwa dampo. Zikioza chini ya lundo pasipo hewa, hutoa methani, gesi inayopasha joto anga kwa nguvu kubwa kuliko hewa ukaa. Gesi hiyo hiyo ikivunwa ndani ya tangi huweza kugeuzwa kuwa methanoli, aina ya alkoholi inayotumika kama nishati, na kazi hiyo huanzia mezani kwa muuzaji.

Weka viroba viwili: kimoja cha taka mbichi, kingine cha plastiki na chupa. Usisubiri kutenganisha jioni, kwa kuwa mfuko mmoja wa plastiki ukishachanika ndani ya maganda, kuutoa wote ni taabu. Katakata taka mbichi vipande vidogo, uchanganye na maji, kisha umimine katika tangi la bayogesi lisilopitisha hewa, lililoanzishwa kwa samadi ya ng'ombe. Lilishe kidogo kidogo kila siku, kwani matunda mengi kwa mkupuo huleta uchachu unaoua vijidudu vinavyozalisha gesi. Joto la Dar es Salaam huwasaidia sana vijidudu hao.

Gesi inayopatikana huwa na methani kati ya asilimia 50 na 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa. Hiyo nayo isitupwe: ikiongezewa hidrojeni iliyotengenezwa kwa umeme wa jua au wa nguvu za maji, huwa methanoli pia. Kinachopaswa kuondolewa kabisa ni salfa, maana huharibu kichocheo cha shaba, kinachoharakisha gesi kugeuka methanoli, ambacho kiwandani hufanya kazi katika nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, chini ya mgandamizo mkubwa.

Hatua hiyo ya mwisho, ya kugeuza gesi kuwa methanoli, isijaribiwe nyumbani kamwe. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Ni nishati ya kufaa meli, ingawa kwa ujazo uleule hubeba takriban nusu tu ya nishati ya dizeli, hivyo huhitaji matangi makubwa zaidi.

Tope linalobaki tangini lisimwagwe mtaroni. Liache litulie, ulizimue kwa maji, kisha ulimwagie shinani mwa migomba.