SOMO: Namna mtaa na shule zinavyoweza kuzuia uhalifu kabla haujaanza

Wenzangu, kila kijana anapompora mtu mtaani kwetu tunaitisha mkutano, tunapiga kelele, tunachanga pesa za mlinzi. Wiki tatu baadaye mlinzi hajalipwa na mkutano umesahaulika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Huruma, Nairobi, na pia katibu wa Nyumba Kumi, kamati ya majirani ya kulinda usalama, ya ploti zetu. Nimekaa pande zote mbili kwa miaka sita, na sasa naamini kwamba uhalifu wa vijana wetu una saa zake na njia zake. Mtaa ukizijua, ukaweka hapo watu wazima wenye kujali, unafanya kazi kuliko msako wowote. Nawapa hatua tulizopitia, pamoja na ile tuliyokosea.

HATUA YA 1: Choreni ramani, na wachoraji wawe watoto

Msianze kwa kuuliza "wezi ni nani?" Swali hilo huzaa majina, na majina huzaa visasi. Ulizeni "wapi, na saa ngapi?"

Sisi tulinunua karatasi za manila na kalamu za rangi, tukawaomba wanafunzi wa Gredi ya Sita wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Kijani pale unapotembea bila wasiwasi, nyekundu pale unapokimbia. Msichana mmoja alichora ploti yao, akachora kibanda cha mama mboga, kisha akakaza nyekundu kwenye kichochoro cha nyuma ya choo cha kulipia mpaka karatasi ikatoboka. Tulipozipanga karatasi zote sakafuni, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamepaka nyekundu kichochoro hicho hicho. Wazee wa kamati hawakujua lolote. Wao hupita barabara kubwa, na sote tulidhani tatizo liko stejini.

Kila alama iandikiwe saa. Kwetu nyingi ziliangukia kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Hata watafiti wa Marekani wameona kwa miaka mingi kwamba siku za masomo, ukatili unaofanywa na watoto wa umri wa shule hupanda mara tu baada ya kengele ya kutoka.

HATUA YA 2: Rekebisheni mahali kwanza

Zile taa ndefu tunazoziita mulika mwizi husaidia barabarani, lakini ghorofa huziba mwanga na kichochoro hubaki giza. Tulimwomba mwenye ploti aweke balbu moja juu ya lango la nyuma. Chama cha akina mama kililipia umeme miezi mitatu ya kwanza, kisha mwenye ploti akaendelea kulipa mwenyewe alipoona wapangaji wametulia.

Mkitaka mfano mkubwa zaidi, nendeni Dandora. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka viwanja vya ndani. Vingi viligeuka majaa na maficho, hadi vijana wenyewe walipoanza kuvisafisha, wakapanda miti na kupaka kuta rangi. Ua ambao watoto wanachezea hauwi maficho tena.

HATUA YA 3: Jazeni zile saa tatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapochoka.

Mathare kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza mwaka 1987. Walichanganya mpira na usafi wa mtaa: timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, si kwa mabao pekee. Ndani ya kazi hiyo ilizaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008. Lakini msidhani ni mpira peke yake uliowashika vijana. Mtoto hushikwa na mtu mzima yule yule, siku ile ile, saa ile ile, anayejua jina lake na anayeuliza jana ulikuwa wapi. Sisi tulianza na kikombe cha uji, darasa moja lililobaki wazi, na walimu wawili wa zamu. Siku uji ulipokosekana nusu ya watoto hawakuja. Uji ni sehemu ya mpango, uwekeni kwenye bajeti.

Baada ya uji, fundisheni kutua kabla ya kutenda. Kuna zoezi nimelichukua kwenye mradi wa Becoming a Man wa shule za Chicago. Vijana wawili wawili. Mmoja anashika mpira mdogo ngumini, mwenzake ana nusu dakika ya kuupata. Mara ya kwanza nilipolifanya, meza mbili zilianguka, shati moja likachanika. Nikawauliza, "Nani ameomba apewe?" Kimya. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, angeniona mjinga." Yule mwenye mpira akamjibu, "Ningekupa, si ni mpira tu." Tukazungumza nusu saa juu ya maneno hayo mawili. Chicago mradi ulipopimwa, kukamatwa kwa vijana kwa makosa ya ukatili kulipungua karibu nusu walipokuwa ndani ya mpango. Monrovia, Liberia, wanaume waliokuwa kwenye uhalifu walipewa majuma manane ya mafunzo kama hayo pamoja na dola 200 za kuanzia, na miaka kumi baadaye matokeo bado yalionekana.

HATUA YA 4: Msiwatishe

Hili ndilo kosa letu. Tulimwalika mtu aliyetoka gerezani aje kuwatisha wavulana wakubwa. Alieleza jinsi alivyokuwa akiogopwa mtaani, pesa alizowahi kushika, kisha jela. Sisi walimu tulisikia jela. Wavulana walisikia kuogopwa. Wiki nzima walitembea kwa mwendo wake uwanjani. Baadaye nilijifunza kwamba Marekani walipima programu za aina hii, za kuwapeleka watoto magerezani wakatishwe, wakakuta waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko wasiopelekwa. Naomba msirudie.

HATUA YA 5: Jueni mpaka wenu na sheria

Nyumba Kumi iliingia kwetu mwaka 2013, tukiwa bado na majonzi ya shambulio la kigaidi la Westgate, na wazo lake lilitoka Tanzania. Kamati si mahakama: haipigi, haitozi faini, haivunji mlango wa mtu. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na inaruhusu makosa ya watoto yamalizwe nje ya mahakama, kwa kuomba radhi, kulipa fidia au kupata ushauri nasaha. Mwambieni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na chifu mapema kwamba nyinyi ndio mtakaompokea mtoto wa namna hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama kutoka Kayole: Mwalimu, kijana wangu ana miaka 14. Amekuja na simu mpya na viatu, anasema amepewa na rafiki. Usiku yuko maskani, kijiweni na wenzake. Nimpeleke kwa chifu?

Jibu: Pole sana mama. Usianzie kwa chifu, na usimwite mwizi mbele ya wadogo zake. Mkae wawili, umuulize rafiki huyo anataka nini kwake, maana wakubwa huwanunua watoto kwa viatu kabla ya kuwatuma. Simu usiitumie wala usiiuze. Mtafute mtu mmoja anayemheshimu, mjomba au kocha, awe naye jioni kwa majuma machache haya. Ukizidiwa piga 116, simu ya msaada wa watoto, ni bure.

Mwalimu kutoka Mukuru: Mkuu wetu anasema shule haina pesa.

Jibu: Mwalimu mwenzangu, omba chumba, usiombe pesa. Nenda kwa bodi ya shule na zile ramani za watoto, uzitandaze mezani. Unga wa uji utafuteni kanisani, msikitini na kwa wenye maduka. Muanze na siku mbili kwa wiki ambazo hamtazikosa. Ahadi ya siku tano ikivunjika mwezi wa pili, watoto hawarudi.

Mwendesha boda boda, Kariobangi: Vijana wakikaa watano tu mariamu, gari la polisi, inawabeba. Tutawakusanyaje?

Jibu: Ni kweli, kaka, na inauma. Andikeni barua inayotaja mahali, siku, saa na mtu mzima msimamizi. Nakala iende kwa OCS na kwa chifu, na zote zigongwe muhuri. Msimamizi awe nayo mfukoni kila siku. Na nyinyi wa boda boda mnaona yote yanayopita stejini. Kaeni kwenye kamati, msiachie wazee peke yao.

Kijana, hakutaja mtaa: Mimi nilikuwa kwa hizo mambo. Nimeacha mwaka sasa. Naweza kusaidia, ama mtaniogopa?

Jibu: Mdogo wangu, karibu. Nitakuomba mambo mawili. Miezi mitatu ya kwanza utakuwa na mtu mzima mwingine kila unapokuwa na watoto, na hadithi za zamani hutawasimulia, kwa sababu niliyoeleza hatua ya nne. Niandikie kando nikuelekeze. Nyavu za goli zimechanika na nahitaji mtu wa kuzishona kabla ya Jumamosi.