Kutamka Maneno ya Kihawai kwa Ulimi wa Kiswahili

Msomaji wa Mombasa anayetaka kutamka Kihawai ipasavyo, pengine kwa sababu anahudumia wageni katika hoteli za Nyali, ana nafuu kubwa, kwani irabu tano za lugha hiyo husomwa karibu sawa na zetu na mkazo aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Anza na aloha, yaani salamu, kwaheri na upendo, kisha mahalo, asante, na e komo mai, karibu ndani.

Kinachohitaji subira ni alama mbili. ʻOkina ni konsonanti kamili inayokata pumzi kooni, kama tukataavyo kwa kusema “a-a”, wala haihusiani na alama iliyo katika neno “ng’ombe”. Kahakō, kistari kilicho juu ya irabu, huirefusha. Ukizipuuza, maana hugeuka: moa ni kuku, moʻa ni kuiva kwa chakula, pau ni kwisha, pāʻū ni sketi. Yatamke kwa jozi, polepole, kwa sauti.

Ukiulizia njia Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, utaelekezwa mauka, upande wa milimani, au makai, upande wa baharini. Milangoni mwa vyoo, kāne ni wanaume na wahine ni wanawake, ingawa hiyo wa- si kiambishi cha wingi.