Namna ya Kumwandalia Mfungwa Nafasi katika Nyumba ya Matibabu ya Uraibu Kabla Hajaachiliwa

Maandalizi ya kumpeleka mwanamume katika nyumba ya matibabu ya uraibu yaanze akiwa bado gerezani, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kuachiliwa, kwa sababu siku zinazofuata tarehe hiyo ndizo zinazoua. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, ilhali mtumiaji anakumbuka kiasi alichokuwa akitumia zamani; akikirudia kiasi hicho hicho, pumzi inaweza kukatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki 2 za mwanzo hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa hiyo nawasihi ndugu wasipange kwamba atoke kwanza, apumzike nyumbani, kisha nafasi itafutwe.

Hatua ya kwanza ni kujua kwa hakika alikuwa akitumia nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kwa mtu aliyekamatwa juzi, au anayepelekwa na mahakama moja kwa moja kutoka uraiani, jibu la swali hilo linaweza kuokoa maisha yake. Mnywaji mkubwa wa pombe anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na baada ya siku 2 hadi 4 akaanza kuweweseka, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Dawa za kutuliza wasiwasi kama diazepamu nazo zina hatari ya namna hiyo zikiachwa kwa mkupuo. Mtu wa aina hii apite kwanza mikononi mwa daktari. Arosto ya heroini, yaani hali inayompata mtumiaji anapoikosa, pamoja na mateso yake yote ya kutapika, kuhara na maumivu ya mifupa, mara chache huua yenyewe, lakini mgonjwa asiachwe akaishiwa maji mwilini.

Kuichagua nyumba ndiko kunakohitaji subira kubwa zaidi. Itembeleeni, na muulize nani anatibu, ana mafunzo gani, na daktari anafika mara ngapi. Ulizeni pia kama mkazi anaruhusiwa kutumia methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2005 katika orodha yake ya dawa muhimu. Zipo nyumba zinazozikataa kwa hoja kwamba mtu amebadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Hoja hiyo si sahihi, kwa sababu dozi iliyopangwa na daktari huondoa arosto na kupunguza hamu bila kumlevya mgonjwa, na kumwachisha kwa lazima ili apewe kitanda ni kumrudisha kwenye hatari ile niliyoieleza mwanzo.

Mkiona minyororo, viboko, au watu waliofungiwa bila amri halali, ondokeni. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakizitaka nchi zifunge vituo vinavyowazuilia kwa nguvu watumiaji wa dawa za kulevya. Isitoshe, mwanamume aliyeishi gerezani amekwisha kujifunza kutii mbele ya mkubwa na kuficha yaliyo moyoni. Nyumba inayoendeshwa kama gereza itamzidishia ujuzi huo huo. Iliyo bora humpa kazi, zamu na sauti katika vikao vya wakazi, humpima kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini, na humuuliza taratibu kuhusu huzuni na vipigo alivyopitia, kwa kuwa wanaume wengi huyafunika hayo kwa hasira.

Kuhusu muda, matibabu yaliyo chini ya siku 90 kwa jumla huwa na matokeo hafifu, ingawa si lazima siku zote hizo zilalwe ndani ya nyumba. Sehemu yake inaweza kuwa ya kuhudhuria kliniki.

Kwa upande wa mahakama, ombeni nyumba iandike barua inayotaja kwamba kitanda kipo, tarehe ya kupokelewa, muda wa programu na jina la msimamizi, kisha wakili au afisa wa uangalizi aiwasilishe. Kabla mhusika hajatia saini, asomewe masharti neno kwa neno. Afahamu ni taarifa zipi zitakazopelekwa kwa afisa: kwa kawaida mahudhurio na majibu ya vipimo, lakini aulize waziwazi kama aliyoyasema katika ushauri nasaha yatabaki siri. Aulize pia itakuwaje akiteleza na kutumia tena mara moja, maana mtu anayeamini kwamba kukiri ni kurudishwa jela hatakiri kamwe. Msukumo wa mahakama hauzuii matibabu kufaulu, mradi yeye mwenyewe ameelezwa na amekubali.

Siku ya kutoka, awepo mtu wa kumpokea langoni na kumfikisha moja kwa moja, bila kupitia mtaani kusalimia. Mkononi awe na kitambulisho, hati ya kuachiliwa, nakala ya amri ya mahakama, na barua ya zahanati ya gereza inayoonyesha dawa na dozi yake ya mwisho. Anayempokea abebe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ikiwa inapatikana, na ajue kwamba nguvu ya dawa hiyo huweza kuisha katika dakika 30 hadi 90, kabla heroini haijaisha mwilini, hivyo hospitali ni lazima hata kama mgonjwa ameamka.

Akishapokelewa, muulizeni msimamizi mapema kuhusu siku ya kuondoka: atalala wapi, kliniki gani itaendelea kumpa dawa, na nani atampeleka kuripoti kwa afisa wa uangalizi. Majibu hayo yaandikwe katika faili lake katika mwezi wa kwanza, na mkazi mwenyewe apewe nakala.