Moto Ukishapita: Ya Kufanya Kabla Mvua Hazijashika

Huku kwetu Sikonge, mkoani Tabora, moto mbaya huja mwezi wa nane au wa tisa, nyasi zikiwa kavu na upepo umechachamaa. Mvua zinaanza kama Novemba. Aliyeunguliwa hana muda mrefu, na mvua hizo ndizo zinazoamua lipi litangulie. Mimi ni mfugaji wa nyuki na mama wa kaya iliyounguliwa, basi nitasema zaidi ninayoyajua.

Aliyeungua mwili amwagiwe maji safi ya baridi kama dakika 20, kisha zahanati. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Na asali pia acha, hata kama ndoo imejaa ndani. Mzee anayekohoa kwa moshi naye aende, asiseme ni mafua.

Kabla hujazoa majivu, mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji waone. Piga picha kwa simu, hata ya kuazima. Andikeni kila kitu: mabati, magunia, mbuzi, mizinga. Omba nakala yenye mhuri, maana bila hiyo utazungushwa. Kama kitambulisho cha NIDA na vyeti vya watoto vimeungua, pitia polisi upate hati ya upotevu. Mkulima wa tumbaku aandike barua AMCOS, chama chake cha ushirika, wiki hiyohiyo, hasa kama bani la kukaushia tumbaku limeungua. Deni la pembejeo haliungui pamoja na nyumba.

Sasa nyumba. Ukuta wa tofali za udongo mara nyingi hubaki umesimama. Tazama kona na juu ya mlango, pale mbao zilipokuwa: ufa unaopitisha kidole, bomoa sehemu hiyo. Palipo pazima usipaguse, shughulikia paa, kwa sababu ukuta usio na paa mvua mbili tatu zinautosha. Nyasi za kuezekea hutazipata porini, zimekwisha. Nenda mbugani, yaani bondeni kwenye unyevu, huko moto hupita kwa kurukaruka. Zisipotosha, ezeka chumba kimoja vizuri, mlale wote humo. Tofali za kuzibia fyatua kwa udongo wa kichuguu, unashika kuliko mwingine.

Mahindi yaliyonusurika kwenye kihenge kama yananuka moshi tu, yapepete na uyaanike. Lakini usiyaamini kwa mbegu. Chukua punje 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikae siku tano hivi. Zikiota chini ya saba, tafuta mbegu kwa jirani. Muhogo ulioungua shina bado una chakula chini. Chimba kidogokidogo, menya, tengeneza udaga kabla haujaoza.

Nije kwenye miti, ambako watu huharibu zaidi kuliko moto. Mtu anaona mninga mweusi, anasema umekufa, anashika shoka au anamwita mchoma mkaa. Subiri. Kwangua gome kidogo kwa kisu, chini ukikuta ubichi wa kijani, mti ni mzima. Mitundu na miyombo huchipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka, na kisiki kilichoungua hutoa machipukizi. Mche wa mninga hufa juu kila mwaka na kurudi kutoka mzizini kwa miaka kadhaa kabla haujawa mti, kwa hiyo unachokiona kimeteketea huenda kinajipanga tu. Mifugo msiipeleke mapema kwenye nyasi changa zinazofuata moto. Ng'ombe anazing'oa.

Mizinga iliyobaki ikague jioni. Usirine hata sega moja. Hiyo ndiyo akiba ya nyuki wakati maua hayapo. Ukiinua mzinga ni mwepesi, wape kilo moja ya sukari kwenye lita moja ya maji, ndani ya mzinga, siyo nje ambako siafu watakuja. Weka karai la maji lenye vijiti vya kutua. Mizinga mipya tengeneza ya mbao, pakaa nta ndani, itundike mapema. Ya magome sipendi hata kusikia mwaka wa moto: unabandua mti uliookoka ili ukaufishe kwa mkono wako.

Mkutano wa kitongoji usianze na "nani kawasha?" Najua majina yatakayotajwa: mfugaji, mrina asali, mchoma mkaa. Baraza litayasikiliza kwa zamu yake. Kwa sasa huyo mfugaji unayemshuku ndiye mwenye mkokoteni na maksai wa kubeba nyasi zako kutoka mbugani. Anzeni na wajane na wazee, kila kaya itoe mtu na jembe, wenye nyumba wapike. Mkiwa bado mna hasira hiyohiyo, pangeni tarehe ya mwezi wa tano, nyasi zikiwa hazijakauka vizuri, mlime kinga moto kuzunguka kitongoji na mizinga, na muombe kibali cha kuchoma mapema kandokando yake. Mwezi wa nane ni kuchelewa.