Kuusaka mlio wa "ng'wii" kwenye gari la spoti la zamani, ukiwa Malindi

Ukiusikiliza mlio ukiwa umeshika usukani, utapotea. Bodi ni chuma, na chuma hubeba sauti: bushi (kipande cha mpira kwenye kiungo cha chuma) ya nyuma kulia ikilia, sikio la dereva husema ni dashibodi. Ndiyo sababu watu hubadilisha shokamzoba, kisha linki (kijiti kinachoshika ncha ya stabilaiza), kisha boljointi (kiungo cha tufe kwenye gurudumu), pesa zinakwisha na mlio uko pale pale. Kazi hii ina kanuni moja: usinunue kipuri chochote mpaka uweze kuufanya mlio utokee unapotaka, na unyamaze unapotaka, kwa kugusa kitu kimoja tu.

Mfano unaotumika hapa ni Mazda MX-5 ya vizazi viwili vya mwanzo, ya 1989 hadi 2005. Kila gurudumu lake limeshikwa kwenye bodi na vyuma viwili, mkono wa juu na mkono wa chini, bushi zake ni nyingi, na juu ina paa la turubai. Gari la aina nyingine hufuata mpangilio huu huu, ila hesabu ya bushi itabadilika.

Vifaa

Jeki na stendi zake mbili, chupa ya kunyunyizia ya lita moja, kipande cha mpira wa bustani cha kama mita moja, boksi spana za 12 hadi 19 mm, spana ya kupimia mkazo, tepu nyeusi ya fundi umeme, bomba la sindano la duka la dawa, grisi ya kawaida na grisi ya silikoni. Na mtu wa kukusaidia. Peke yako utapata nusu ya majibu.

Chupa ijaze maji ya mfereji. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au chumvi, na kunyunyizia chumvi chini ya gari lililokwisha kuanza kutu ni kujitafutia kazi ya mwakani.

Hatua ya 1: Andika mlio unatokea lini

Chukua karatasi, kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Andika kama unalia gari likiwa baridi au moto, likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili au kwa gurudumu moja, ukikanyaga breki, ukikata kona, ukikanyaga klachi, au ukizungusha usukani gari likiwa limesimama.

Ukilia kila ukikanyaga klachi, chini ya gari huna haja ya kwenda: angalia bushi ndogo za pedali. Ukilia usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, anza na boljointi, ncha za tai rodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu), na mpira unaoziba nguzo ya usukani pale inapopita kwenye ukuta unaotenga injini na dereva. Ukilia ukivuka tuta kwa mshazari, maana yake bodi inajipinda, kwa hiyo paa, milango na bushi zote ni washukiwa.

Andika pia hali ya hewa. Mlio unaozidi wakati wa kaskazi, jua kali na ukavu, kisha ukapotea masika yakianza, ni mpira ulio wazi unaopata maji. Chuma kilichopasuka hakijali mvua.

Hatua ya 2: Toa vitu, kaza magurudumu

Toa kila kitu kwenye buti: jeki, spana, tairi la spea, chupa za mafuta. Kwenye gari hili betri iko ndani ya buti, basi itikise kwa mkono. Kishikio chake kikilegea hulia kama kitu kikubwa kimevunjika.

Kisha magurudumu. Nati za MX-5 hukazwa kati ya nyutoni mita 88 na 118. Zikiwa chini ya hapo, rimu husogea kidogo juu ya habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) na kutoa mlio mkavu wa "tak" au "ng'ee" mwanzo wa mwendo. Ukiona kutu nyekundu kati ya rimu na habu, toa gurudumu, sugua pande zote mbili kwa brashi ya waya, pangusa, rudisha. Kazi ya nusu saa, na kuna milio inayoishia hapa.

Hatua ya 3: Ulize gari likiwa limesimama

Fanya alfajiri, kabla upepo haujaamka. Kusi likivuma kwenye minazi husikii chochote. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, gia huru, breki ya mkono imeachiliwa, gurudumu moja limezuiwa kwa jiwe mbele na nyuma. Zima injini na redio, shusha vioo.

Msaidizi aweke viganja juu ya kona moja ya gari, pale bodi ilipo imara juu ya gurudumu. Usimruhusu kubonyeza katikati ya bamba, litabonyea. Mwambie, "Bonyeza, wacha, bonyeza, wacha," mara kumi, polepole. Haraka haisaidii, kwa sababu bushi kavu hulia mpira unapojivuta taratibu. Mlio wenyewe utaujua: ni kama foromali ya jahazi inaposugua mlingoti tanga likiwa limeshiba upepo.

Wewe uko chini, upande, ncha moja ya mpira wa bustani sikioni na nyingine ikitembezwa karibu na kila kiungo. Lakini jicho la kweli la kazi hii ni vidole. Shika ncha ya mkono wa chini, shika linki, shika nyumba ya boljointi. Kiungo kinacholia hutetemeka kwa mtetemo mdogo mkavu, kama uzi wa gitaa ulioguswa, na kile cha jirani yake hakitetemeki hivyo hata kama sauti inaonekana kutoka huko.

Kidole kisiingie kamwe kati ya springi. Na usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Hatua ya 4: Tenga bodi na miguu (mikono, springi na viungo vya magurudumu)

Kabla ya kunyunyiza tone la maji, hakikisha kwamba mlio si wa juu.

Fungua paa, uendeshe mita mia mbili kwenye barabara mbovu ya mtaani. Mlio ukipotea, ni fremu ya paa, makufuli yake ya mbele, au mipira ya vioo. Ukibaki, funga paa uendelee. Kisha funga tepu nyeusi mizunguko miwili kwenye kile chuma cha nguzo ya mlango kinachoshikwa na kufuli la mlango. Rudia safari. Mlango wa gari lisilo na paa la chuma hufanya kazi ya kushika bodi, na chuma kwa chuma hapo hulia sana. Tepu ikinyamazisha, iondoe, paka grisi kidogo, na urekebishe mkao wa kile chuma. Mipira ya mlango na ya paa paka grisi ya silikoni tu. Grisi ya petroli huivimbisha mipira na kuilainisha mpaka ikatike.

Sasa fika pale wengi wanapopaogopa: sehemu ya bodi iliyo chini ya mlango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Mifereji ya maji ya paa hushuka humo. Ikizibwa na majani na mchanga, maji hukaa ndani na chuma huoza kutoka ndani kuja nje, rangi ikiwa bado nzuri. Bamba lililooza hujikunja na kulia kila bodi inapojipinda. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hutoa "tin", kilichooza hutoa "dup". Ukisikia "dup", usitie jeki hapo. Acha kuusaka mlio na utafute fundi wa kuchomelea, maana hakuna bushi itakayotibu bodi iliyokatika. Mifereji yenyewe izibue kwa waya laini wa plastiki na umwage nusu lita ya maji. Yatoke chini mbele ya gurudumu la nyuma bila kusitasita.

Hatua ya 5: Jaribio la maji

Hiki ndicho kipimo kinachostahili subira yako yote.

Mbele, kila upande una bushi mbili za mkono wa juu, mbili za mkono wa chini, boljointi juu na chini, bushi ya shokamzoba, linki ya stabilaiza (chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona), na mpira wa stabilaiza. Nyuma hakuna boljointi, ni bushi tupu. Anza na kona ambayo vidole vilishuku. Nyunyizia bushi moja, mipuliko mitano, maji yaingie kwenye ukingo wa mpira. Msaidizi abonyeze mara kumi. Hakuna mabadiliko? Nenda inayofuata. Mlio ukikatika ghafla, simama hapo hapo, usinyunyize kingine. Acha ikauke saa moja au mbili juani, bonyeza tena. Mlio ukirudi, umempata mshukiwa wako. Kama haukurudi, subiri kesho yake asubuhi kabla ya kuamua.

Watu hukimbilia mafuta ya kupuliza ya kopo. Hapana. Mafuta hutambaa, hulainisha viungo vitatu kwa mpigo mmoja, na ushahidi unapotea kwa wiki nzima. Tena mafuta ya madini huila mpira wa kawaida. Maji hukauka na kukuachia gari kama lilivyokuwa.

Mchanga nao una tabia yake. Mchanga wa njia za pwani huingia kati ya springi na kikalio chake cha mpira, na hapo mlio ni wa kusaga zaidi kuliko kulia. Osha kwa maji mengi ya mfereji kabla ya kukilaumu kipuri.

Hatua ya 6: Stabilaiza

Kama maji hayakutoa jibu, fungua linki za stabilaiza za pande zote mbili, magurudumu yote mawili yakiwa kimo kimoja ili chuma kisiwe na mvuto. Boksi ya 14 mm mara nyingi hutosha. Funga ncha za chuma kwa kamba zisiguse tairi wala mpira wa breki. Bonyeza. Kimya? Basi ni linki au mipira inayoshika stabilaiza. Mipira hiyo ukiitoa, iangalie kwa ndani: iking'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, imekuwa ikiteleza juu ya chuma kikavu. Safisha chuma, paka grisi ya silikoni, rudisha. Kama tundu limekuwa yai, nunua mpya kwa kipenyo cha chuma chako ulichokipima mwenyewe.

Hatua ya 7: Boljointi

Gari liwe chini, limebeba uzito wake. Msaidizi azungushe usukani polepole, wewe umeshika boljointi ya chini. Ikitetemeka, jaza bomba la sindano grisi mililita mbili, ingiza ncha chini ya ukingo wa mpira wake bila kuutoboa, sukuma. Mlio ukinyamaza, usifurahi: umethibitisha kwamba boljointi imekauka na imeanza kula. Grisi hiyo ni kipimo, dawa yake ni kubadilisha. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala, na kwenye barabara ya Mombasa mbele yako kuna lori. Kati ya milio yote iliyotajwa hapa, huu ndio wa kuegesha gari mpaka urekebishwe.

Hatua ya 8: Bushi mpya, na kosa linalorudisha mlio

Boliti za pwani hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Mbaya kuliko zote ni ile ndefu ya chini ya habu ya nyuma. Paka mafuta ya kutu jioni tatu mfululizo kabla ya kuigusa. Ukizungusha na ukaona mpira unajipinda pamoja na boliti, acha. Bomba limeshikana, na hapo ni kukata kwa msumeno. Za mikono zenye kichwa cha yai, zinazopanga magurudumu, ziwekee alama ya rangi kabla ya kulegeza.

Bushi mpya zisukumwe kwa presi, zisipigwe nyundo. Boliti ipake grisi ya shaba kwenye shina lake tu, si kwenye nyuzi, maana nyuzi zenye grisi hukufanya ukaze kupita kiasi.

Sasa kosa lenyewe. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani, haizunguki, hujipinda. Fundi akiikaza gari likiwa juu, miguu inaning'inia, ataufunga mpira katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira unakaa umepindwa saa zote, unalia ndani ya wiki chache na kuchanika kabla ya wakati wake. Boliti ziache zimekazwa kwa mkono, shusha gari juu ya mbao nene ili upate nafasi ya spana, libonyeze mara kadhaa likae kimo chake, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ikiwa umechagua bushi za poliuretheni (plastiki ngumu badala ya mpira), hizo huzunguka, lakini bila grisi ya silikoni zitalia kuliko zile ulizotoa.

Kisha peleka gari likapangwe magurudumu. Baada ya kilomita 100, zikiwemo za njia ya vumbi na za lami ya kwenda Watamu, kaza tena nati za magurudumu na boliti zote ulizofungua, na rudia Hatua ya 3 alfajiri, gari likiwa kavu kabisa. Kama kuna mlio wa pili uliokuwa umefichwa na ule wa kwanza, utausikia hapo. Ufungulie karatasi mpya.