SOMO: Chepe la chuma lisishikwe na barafu

Wadau wa Minnesota na kwingine kwenye baridi, kila Novemba mnaniuliza jambo hilohilo: chepe la kuzolea theluji lisishikwe na barafu, mfanyeje. Naandika mara moja, someni. Tuelewane kwanza: barafu itaganda tu, ila utaligonga chepe kidogo na itadondoka.

1. Osha kwa maji moto na sabuni, kausha.

2. Palipo na kutu piga msasa, malizia na msasa laini. Mikwaruzo ni mahali pa barafu kujishikiza.

3. Futa kwa spiriti. Wengi wanaharibia hapa. Mafuta ya kiganja au nta ya zamani yakibaki, sprei ya silikoni ya hatua ya 4 inashika uchafu, haishiki chuma, na theluji ya kwanza inaing'oa. Geuza kitambaa kila unapofuta. Kikitoka cheusi, rudia. Usiguse tena kwa kidole. Spiriti inawaka: fungua mlango wa gereji, zima hita, sigara weka mbali.

4. Puliza sprei ya silikoni, nyembamba, mara mbili, ndani kwenye joto.

5. Iache ikauke kama kopo linavyoelekeza.

6. Maji yakianza kutandaa badala ya kujikusanya matone, paka upya.

MASWALI

— Mkuu, mafuta ya kula hayatoshi?
Asubuhi moja yanatosha.

— Nimepuliza, haikushika.
Spiriti ulifuta?
— Sikuwa nayo.
Hatua ya 3.

— Ile sprei ya nano, maji yanakimbia kama kwenye jani la magimbi, si ndiyo bora zaidi?
Swali zuri sana. Uso wake una vinundu vidogo mno, tone linakaa juu ya hewa, pembe kati ya tone na uso inapita digrii 150, yaani tone ni karibu duara. Kwa mvua, safi kabisa. Lakini penye unyevunyevu sakitu (unyevu wa hewa ulioganda) inaota humohumo kati ya vinundu, barafu inapata mizizi, na inaweza kung'ang'ania kuliko kwenye chuma kitupu. Ukiibandua, inaondoka na vinundu. Ndiyo maana watafiti wengi wamegeukia silikoni laini kama raba: yenyewe inanepa, barafu hainepi, basi zinaachana.

— Niko Mwanza, nauza barafu za samaki. Makopo hayaachii. Nipulize?
Hapana dada, hiyo si ya chakula. Chovya kopo kwenye maji ya kawaida kidogo, tofali litateleza. Na ukichongesha makopo mapya, mdomo uwe mpana kuliko kitako.

— Raba za milango ya gari je?
Hizo ndiyo, ila paka kwa kitambaa, usipulize. Ikifika kwenye breki ni hatari, na bodi lenye silikoni likipigwa rangi linatoka vishimovishimo.

— Nipulize breki zisigande?
Ndugu, soma jibu la juu.