Somo: Kuanzisha kikundi cha waliopata kiharusi na wenye ulemavu katika mtaa wako wa Lubumbashi

Mtu akipata AVC, yaani kiharusi, hospitali inamshughulikia siku kadhaa, mtu wa kine, yaani wa tiba ya viungo, anamnyoosha viungo wiki kadhaa kama pesa ipo, kisha anarudishwa nyumbani akae kwenye kiti chini ya mwembe. Rafiki wa kazini anakuja mara ya kwanza na kilo ya sukari, mara ya pili anapiga simu, mara ya tatu kimya. Somo hili ni la kumtoa mzee huyo chini ya mwembe.

Msimamo wangu niutangulize: msianze na kikao cha kuzungumzia ugonjwa. Anzeni na mchezo. Mtu aliyechoka kuitwa mgonjwa kwake hatalipa taksi aende kuitwa mgonjwa pamoja na wengine. Mazungumzo ya ugonjwa yatakuja yenyewe, kati ya mchezo mmoja na mwingine.

Hatua ya 1: Watu watano

Watano wanatosha. Mtu wa kine hawezi kukupa majina ya wagonjwa wake, na usimwombe. Mwachie ujumbe na namba ya simu, naye awape wanaotaka. Pita pia kwa mkuu wa avenue na kwa wamama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa. Hao wanajua kila lupango, yaani kiwanja cha nyumba, lenye mtu aliyefichwa ndani.

Msichukue wa kiharusi peke yao. Tafuteni aliyepata polio utotoni, aliyekatwa mguu, anayetumia kigari cha kuzungusha kwa mikono. Hao wamezoea mji huu miaka mingi: wanajua taksi ipi inakubali kusubiri na jinsi ya kumjibu anayekutazama vibaya. Aliyepooza mwaka jana hajui lolote kati ya hayo, na hakuna daktari atakayemfundisha.

Hatua ya 2: Mahali, na kwanza kabisa choo

Wengi hutazama kivuli na viti, wakasahau choo. Mzee akijua hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, hatanywa maji tangu asubuhi, na wiki ijayo atasema ana mafua. Fundi seremala akitoboa kiti imara cha mbao na kukiweka juu ya shimo, kazi imekwisha. Ongezeni ubao wa kushikilia ukutani.

Pimeni mlango kabla ya kukubali ukumbi. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa karibu sm 65. Mlango wa sm 80 unapitika, wa sm 60 mtauangalia tu. Penye ngazi, tengenezeni mteremko wa mbao: kila sm 10 za kwenda juu zinataka angalau mita 1.2 za urefu. Mteremko mfupi kuliko huo unamrudisha mtu nyuma na kiti chake.

Uwanja wa shule siku ya Jumamosi au ukumbi wa parokia ni bora kuliko lupango la mwanachama. Kwa mtu binafsi, mwenye nyumba hugeuka mwenyekiti kabla hamjapiga kura.

Hatua ya 3: Usafiri

Hapa ndipo vikundi vingi hufa. Pikipiki haimfai aliyepooza upande mmoja, maana hawezi kujishikilia sawasawa. Chukueni taksi moja kwa watu wa barabara moja, wa Katuba pamoja, wa mitaa ya Kenya na Kamalondo pamoja, na mlipe kwa likelemba (mchango wa zamu) ndogo ya usafiri tu. Isichanganywe na likelemba ya biashara. Msaada wa nje ukija upokewe, lakini kikundi kisiuegemee.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Saa tatu hadi saa tano asubuhi, basi. Uchovu baada ya kiharusi ni wa kweli, si uvivu. Wekeni mkeka au kiti cha kulalia kwa anayeishiwa nguvu. Juni na Julai anzeni saa nne, baridi ikishapungua.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni boccia, ambao umo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 1984. Unachezwa mmekaa. Upande mmoja una mipira sita myekundu, mwingine sita ya bluu, na mmoja mweupe unarushwa kwanza uwe shabaha. Anayeikaribia zaidi nyeupe anapata pointi. Mpira wa mashindano una uzito wa gramu 275 hivi. Wa kwenu ushoneni kwa kitambaa mjaze mchanga mkavu uliochekechwa. Msijaze mahindi, huita panya. Asiyeweza kurusha autelezeshe kwenye kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa. Hapo mlemavu wa miaka 20 na mzee wa miaka 70 wanashindana bila kuhurumiana, na kelele zake si za hospitali.

Kisolo, yaani bao la mbegu, nacho kiwepo. Kuokota mbegu na kuzigawa shimo kwa shimo kunavichangamsha vidole na hesabu. Ila msiwaambie ni mazoezi, mtawaharibia.

Na nyimbo. Kiharusi kikigonga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi usemi unaharibika, lakini mtu huyo huyo anaweza kutoa maneno ya wimbo aliouzoea. Anzeni na nyimbo za kanisa za zamani. Katika mazungumzo mpeni muda, mumuulize maswali ya ndiyo au hapana, na msimmalizie sentensi.

Hatua ya 5: Usalama

Anayemsindikiza asimame upande dhaifu; fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Msimvute mtu kwa mkono uliopooza, bega linateguka. Chai inywewe umekaa wima, na anayekohoa kila akinywa aonwe kwanza na daktari. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, andikeni saa na mkimbie hospitali. Asipewe maji, chakula wala aspirini, kwa sababu huenda ni mshipa uliopasuka.

Hatua ya 6: Karatasi

Mwisho kabisa. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayohusu mashirika yasiyo ya faida, lakini kucheza boccia Jumamosi hakuhitaji shirika. Ijueni pia sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Kuitaja kwa upole husaidia mnapoomba ukumbi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kampemba: Mume wangu alikuwa mkubwa kazini. Sasa anaona haya, mate yanamtoka, anasema hatatoka kamwe.

Jibu: Mama, usimwalike kwenye kikundi. Mwombe aje aandike pointi, maana hesabu zetu zinaleta ugomvi. Kabla ya hapo, baba mwenzake aliyepooza amtembelee, wewe uende sokoni. Akizidi kutolala na kutokula, mwambie daktari: karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi wanapatwa na sonona, nayo inatibika. Si kiburi.

Dada wa Ruashi: Mwanangu ni SS, ana seli mundu, ana miaka 11, alipata AVC. Aje na wazee?

Jibu: Aje, dada. Wengi hudhani kiharusi ni cha wazee, kumbe seli mundu inakileta hata kwa watoto. Avae joto, anywe maji mengi, asichoshwe. Mtafutie mtoto mwenzake wa kucheza naye. Na kikundi kisichukue nafasi ya shule wala kliniki.

Papa wa Katuba: Kwetu wanasema nimetupiwa uchawi. Wanataka niache dawa ya tansyo, ya shinikizo la damu, niombewe tu.

Jibu: Papa, uombewe na dawa umeze. Ukiiacha ghafla, shinikizo linaweza kupanda, na kiharusi cha pili huwa kibaya kuliko cha kwanza. Kwenye kikundi hatubishani nani alimtupia nani.

Ndugu wa Bukavu: Ninyi mna tambarare. Huku Kadutu ni milima mitupu, tufanyeje?

Jibu: Msikusanye kilima kizima, ndugu yangu. Wanne wanne wa njia moja, na mkutane pale juu gari linapofika, ili asiwepo wa kubebwa mgongoni. Boccia wekeeni ubao upande wa chini, la sivyo mipira mtaiokota ziwani.